Rangi ya Kengele

Kengele kubwa ya kanisa la Kaplelmet ilikuwa na sauti mbaya, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kusema. Ukiipiga haikulia, ilikohoa. Ile ndogo iliyoning'inia kando yake, ya kuwaita watoto wa Shule ya Jumapili, ilisikika hadi kituo cha kununulia majani chai. Lakini hii kubwa, ambayo kazi yake ilikuwa kuita watu wazima na kuaga wafu, ilitoa sauti ya sufuria iliyofunikwa blanketi. Wengine walisema ni uzee, wengine wakasema ni ukungu wetu wa upande huu wa Merigi. Hakuna aliyesema ni rangi, kwa sababu aliyeipaka rangi alikuwa mzee wa kanisa Seth Oyugi, mwana wa marehemu Zakayo Oyugi, na Zakayo ndiye aliyeileta hiyo kengele.

Kila mwaka, wiki moja kabla ya Pasaka, Seth alipanda ngazi na mkebe wa rangi ya kijani, ile ya kupaka mashine za kiwanda cha chai alikokuwa fundi mpaka akastaafu. Hakukwangua rangi ya zamani kwanza, kama fundi yeyote anavyojua kwamba ni lazima. Alipaka juu ya ile ya mwaka jana, na kwenye mdomo wa kengele alitanguliza puti, ile ngumu ambayo mafundi wa magari huzibia bodi zilizobonyea. Alifanya hivyo miaka thelathini. Kina mama walipita chini na vikapu vyao vya chai wakasema, jamani, huyu mzee anapenda nyumba ya Mungu. Seth aliwasikia, akaendelea kupaka.

Sasa kanisa lilikuwa linatimiza miaka tisini, na kamati ya jubilii ikakaa. Mchungaji Mitei alikuwa mgeni hapo, hajamaliza mwaka, na alikuwa na masikio ya mtu aliyefundishwa muziki. Alitaka mambo mawili. Kwanza, kengele kubwa ikwanguliwe mpaka chuma chenyewe kionekane, ilie kama alivyokusudia aliyeitengeneza. Pili, historia ya kengele zote mbili iandikwe na isomwe siku hiyo mbele ya wageni. Janeffer, mwenyekiti wa kamati, alisema hilo la pili si kazi ngumu: Quinter wa Seth ni mwalimu wa Kiswahili, ataandika, na baba yake atasoma.

Seth alisema kengele isiguswe. Alisema chuma hicho ni kizee, kimeshikwa na rangi tu, ikitolewa kitapasuka. Mchungaji alitabasamu kwa adabu, akamwambia mzee, rangi haishiki chuma, chuma ndicho kinashika rangi. Kina mama wakacheka. Mtu aliyefungua na kufunga mashine za kiwanda miaka thelathini na tano akafundishwa habari ya chuma na kijana wa Biblia, na alijua kijana anasema kweli. Akacheka pamoja nao. Kisha akasema basi, kama ni lazima, atakwangua mwenyewe, wampatie muda tu. Wakampigia makofi.

*

Nyumba ya Seth ilikuwa hatua mia mbili kutoka kanisani, juu ya nusu eka ambayo wazee wa kanisa walimpa Zakayo kwa shukrani ya kengele. Hati ya ardhi haikuwapo. Kilichokuwapo ni barua moja yenye alama za vidole gumba vya wazee sita, na Seth aliiweka ndani ya Biblia. Watu hawa ni Wajaluo, na hapa ni nchi ya Wakipsigis. Mtu wa aina hiyo huishi kwa barua na kwa jina zuri, na jina zuri ndilo la maana zaidi. Mwaka ule wa machafuko ya uchaguzi, vijana walipokuja na mafuta ya taa, Mzee arap Mibei, Mkipsigis na mzee wa kanisa, alisimama kwenye geti la Seth na fimbo yake. Aliwaambia hawa si wageni, baba yao alibeba kengele yetu mgongoni. Vijana wakapita. Nyumba tatu huko chini ziliungua usiku huo, ya Seth haikuungua, na Beldina, mkewe, hakosi kumpelekea arap Mibei unga wa wimbi kila Krismasi mpaka leo.

Jioni hiyo Quinter alifungua daftari. Hadithi aliijua tangu akiwa mdogo: babu alikuwa akifanya kazi kwa lori la mbao kutoka Londiani, akanunua kengele kwa mzungu aliyekuwa anahama, akaibeba. Lakini mwalimu akishika kalamu huwa na maswali. Aliuliza mzungu huyo aliitwa nani. Seth akasema hakumbuki. Aliuliza mzungu mwenye shamba alikuwa na kengele ya kanisa ya nini. Seth akasema wazungu wana mambo yao. Aliuliza kama babu aliwahi kurudi Londiani baadaye, kwa maana mtu wa lori hurudi njia ile ile kila wiki.

"Andika vile unajua!" Seth alisema kwa nguvu.

Beldina aliacha kusonga ugali. Katika miaka thelathini na nane ya ndoa alikuwa amemsikia mumewe akipaza sauti mara mbili, zote kwa sababu ya ng'ombe. Alimtazama, kisha akasema chakula ni tayari, na mambo ya daftari yakaisha kwa siku hiyo.

Quinter hakukasirika. Alifikiri baba anaona aibu kwa sababu ya magoti. Ngazi ile ilikuwa ndefu na magoti ya Seth yalikuwa yamekwisha, na mwanaume wa kwao hatasema mbele ya kamati kwamba hawezi kupanda. Kwa hivyo alipanga kumsaidia kimyakimya. Ijumaa, Seth akiwa Bomet kwa mambo ya pensheni, msichana alinunua dawa ya kutoa rangi na brashi ya waya, akaazima ngazi, akapanda. Alikuwa anafurahi. Alikuwa amewaza vile baba atakavyorudi aikute inang'aa.

Rangi ilitoka kwa maganda, kijani juu ya kijani, nene kama ganda la mti. Alipofika kwenye mdomo wa kengele alikuta puti, akaiinua na bisibisi. Ilibanduka kipande kizima, urefu wa mkono. Chini yake kulikuwa na herufi zilizoinuka, zilizoumbwa pamoja na kengele yenyewe: KANISA LA CHEBIRIR, LONDIANI, 1931.

Quinter alikaa juu ya ngazi. Alikuwa amesahihisha mitihani ya kutosha kujua tofauti ya kosa na kuficha. Rangi mtu hupaka tu, lakini puti mtu huiweka mahali anapotaka. Alifunika kengele na gunia, akashuka na kile kipande cha puti, akaenda moja kwa moja nyumbani.

*

Seth aliporudi alimkuta bintiye na mkewe sebuleni, kile kipande cha puti kikiwa mezani, herufi zimejichora ndani yake kinyume. Hakukaa. Alivua kofia na kusimama nayo, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Aliwaeleza. Ulimi wa kengele ya Chebirir ulikuwa umekatika, na mpiga kengele wa huko, ambaye alikuwa rafiki ya Zakayo, alimpa kengele nzima aipeleke kwa lori lake la mbao hadi karakana ya kiwanda cha chai, ichomelewe. Hawakuandikiana, marafiki hawaandikiani. Zakayo alichomelea ulimi. Jumamosi moja aliitundika kwa tawi la mti nje ya kibanda chake, apime kama inalia sawa. Ilikuwa mwaka wa uhuru. Kaplelmet ilikuwa na ile kengele ndogo tu, na watu walikuwa wameomba kubwa miaka na miaka. Waliposikia ile sauti walitoka kwenye chai, wakatoka majumbani, wazee wakavaa makoti. Walifika wakiwa wanaimba, na hakuna aliyeinama kusoma herufi za mdomoni zilizojaa masizi. Mzee mmoja aliushika mkono wa Zakayo, akamshukuru Mungu kwa machozi kwa kumtuma mtu wa mbali awaletee sauti. Zakayo alikuwa kibarua wa miaka ishirini na sita, na hakuna mtu mzima aliyewahi kumshika mkono hapo.

"Alisema angewaambia kesho yake," Seth alisema. "Kesho ikawa Jumapili. Wakamkalisha mbele. Jumatatu akanunua rangi."

Aliyajua hayo kwa sababu Zakayo alimwambia akiwa kitandani, siku nne kabla ya kufa. Hakumwambia arudishe. Alimwambia asiache rangi iishe. Siku za mwizi ni arobaini, watu husema, lakini Zakayo alipewa miaka thelathini na moja, na mwanawe akapewa thelathini nyingine juu yake.

Beldina hakulia. Alimwuliza mumewe kama alijua siku ile arap Mibei aliposimama kwenye geti. Seth akasema ndiyo. Alimwuliza kama alijua kila Krismasi alipomtwisha yeye Beldina unga wa arap Mibei. Akasema ndiyo. Alimwuliza kama hata siku moja aliwahi kujiuliza wale wa Londiani wanaitwa na nini Jumapili. Hapo Seth aliigeuza kofia mikononi, na mwanamke akainuka akaenda jikoni, akafunga mlango.

Seth alimwambia Quinter kwa sauti ndogo kwamba rangi ya kijani bado iko stoo. Wangeweza kusema chuma kimeonekana kina ufa. Msichana alimtazama baba yake. Naona aibu kuandika alichoona, lakini nitaandika: aliona mzee wa miaka sitini akimwomba mtoto wake amsaidie kudanganya. Seth naye alijiona, akageuza uso ukutani.

Kesho yake alikwenda kwa mchungaji na kumwambia yote. Mchungaji Mitei alishika kichwa. Kisha akasema, polepole, kwamba askofu anakuja, wageni wamealikwa, tuache jubilii ipite kwanza, halafu hili jambo litatuliwe ndani kwa ndani. Seth alirudi nyumbani karibu akiimba. Beldina alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia avae viatu, wanakwenda Londiani.

*

Kanisa la Chebirir lilikuwa dogo, la mbao, limezungukwa na mashamba ya viazi. Mlangoni kulikuwa na rimu ya lori inaning'inia kwa mnyororo, na nondo ya kuipigia imechomekwa ukutani. Mtunza kanisa, mtu mcheshi aliyeitwa Zack, aliwakaribisha wageni, na Seth alipouliza kama kanisa lao halikuwahi kuwa na kengele, akafurahi kama mtu aliyeulizwa wimbo anaoujua.

"Ilikuwako, mzee, kubwa sana. Ikauzwa na mpiga kengele, Mkisii fulani anaitwa Sagini. Wakimwuliza kengele iko wapi anasema alimpa fundi. Fundi gani? Hakuna fundi. Mpaka leo hapa kwetu ukiazima jembe usirudishe, tunakuuliza, umempa fundi?"

Akacheka, na Seth akacheka.

Mimi sijui kwa nini alicheka. Labda ni ile desturi ya mgeni kucheka pale wenyeji wanapocheka. Kicheko kilimtoka tu, na Beldina akamtazama kwa namna ambayo hatakuja kumtazama tena maishani, naomba Mungu. Kisha mwanamke akauliza kama huyo Sagini aliacha mtu. Zack akasema yuko binti, Nyanchoka, mama mzee sasa, yuko hapo chini anachambua viazi. Ni mtu mzuri, hana kelele, hukaa benchi ya nyuma kabisa. Lakini mambo ya kanisa hajawahi kupewa, hata kushika sahani ya sadaka, unajua damu ni damu. Hiyo aliisema bila ubaya wowote.

Nyanchoka alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, viazi vikubwa kushoto, vya mbegu kulia. Alikuwa na miaka kama sabini. Aliamkuana nao, akaita mjukuu alete viti na chai, kwa sababu wageni ni wageni. Seth hakukaa. Alisema akiwa amesimama, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuzunguka: kengele haikuuzwa, baba yako alisema kweli, fundi alikuwako, na mimi ni mtoto wake.

Mikono ya mama iliendelea kuchambua. Kikubwa, kikubwa, mbegu.

"Huyo fundi aliitwa nani?"

"Zakayo. Zakayo Oyugi."

"Baba alisema Zakayo," Nyanchoka alisema. "Watu walimcheka. Walisema ameona jina kwa Biblia."

Aliuliza jubilii ni lini, akaambiwa Jumapili ya pili, akasema atakuja. Seth alianza kuomba msamaha na mama akainua mkono wenye udongo, akamwambia anywe chai, itapoa. Walikunywa. Beldina alikunywa kikombe kizima bila kuinua macho, kwa maana mama aliwaongeza sukari na kuwauliza kama kwao mvua imenyesha.

Waliporudi, mchungaji alisema bado hajabadilisha mawazo, tungoje. Beldina ndiye aliyemjibu. Alisema yule mama atakuja Jumapili ya pili, sasa mchungaji achague mwenyewe atamkalisha wapi na atamwambia amekuja kuona nini. Hatimaye mchungaji akasema Seth asome yaliyo kweli.

*

Jumapili ya jubilii kanisa lilijaa mpaka madirishani. Kengele kubwa ilikuwa imeteremshwa, imewekwa juu ya gunia mbele ya madhabahu, inang'aa, uchi, na watu waliinua shingo kuiona wasielewe kwa nini haiko juu. Nyanchoka aliketi pamoja na Zack na wazee wawili wa Chebirir. Zack hakuwa akicheka siku hiyo.

Quinter alikuwa ameandika kurasa mbili. Ya kengele ndogo ilikuwa aya moja: ilitoka kwa wamishonari, haikuwa na neno. Seth alisoma hiyo kwa sauti nzuri, watu wakaitikia kwa vichwa. Kisha akageuza ukurasa. Alisoma habari ya ulimi uliokatika, na rafiki, na tawi la mti, na wazee waliokuja wakiimba. Alisoma jina la Sagini. Alisoma habari ya puti. Alipofika mwisho alitoa ile barua ya vidole gumba ndani ya Biblia, akaiweka mezani, akasema kengele irudi Chebirir, na shamba lilitolewa kwa shukrani, na shukrani haikuwa yao, kanisa liamue.

Askofu alitazama viatu vyake.

Mzee arap Mibei aliinuka kwenye benchi ya wazee, kwa shida, amechukua fimbo. Alikuwa na miaka themanini na minne. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, cha shamba la mzungu, na alipokasirika kilizidi kuwa kizito.

"Seth," alisema. "Ile siku ya mafuta ya taa nilisema maneno mbele ya vijana. Wengine ni watoto wangu. Nilisema nikiapa. Wewe ulikuwa nyuma yangu, ndani ya nyumba, unasikia. Ukaniacha niape."

"Ndiyo, mzee," Seth alisema.

"Ningesimama hata bila kengele. Lakini hukunipa nafasi ya kujua hiyo."

Akaketi. Beldina alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kitambaa chake kikagusa benchi. Alikuwa akiisubiri sentensi inayofuata, ile ya ondokeni, na tayari alikuwa anahesabu kichwani nani huko kwao Nyakach angewapokea. Mtu mmoja nyuma alianza kusema habari ya nusu eka, kwamba kuna watoto wa hapa hawana mahali pa kujenga. Wawili watatu wakaitikia.

Mchungaji, akitaka kuzima moto, alisema kwanza tumsikie aliyekosewa. Alimwomba Mama Nyanchoka aje mbele, mzee Seth amwombe msamaha, naye akiweza aseme neno la kusamehe, ndipo tuendelee. Nyanchoka alikuja. Alikuwa amevaa sweta safi na leso mpya kichwani. Seth alipiga magoti, magoti yale mabovu, na kabla hajafungua mdomo mama alimwambia ainuke.

"Huyu nilimsamehe kule kwangu," aliliambia kanisa, "kabla chai haijapoa. Huyu ni rahisi. Mimi sikuja kwa sababu yake."

Hakutaka kipaza sauti, na watu walisogea mbele wasikie.

"Mwaka wa sabini na nane nilitaka harusi ya kanisa. Wakakataa. Walisema binti ya mtu aliyetengwa hapiti madhabahuni, mpaka baba atubu mbele ya watu. Nguo nilikuwa nimeshona. Nikamwendea baba, nikamwambia atubu. Akaniambia, mama, nitubu nini na nilimpa fundi. Nikalia. Nikamwambia kiburi chake kinaniharibia maisha. Nilimwita mwongo, mimi mwenyewe, kwa mdomo huu. Jumapili iliyofuata akasimama mbele akasema ameuza kengele."

Alikaza fundo la leso yake.

"Wakamwuliza pesa alifanyia nini. Hakuwa amefikiria hiyo. Akanitazama. Akasema alininunulia viatu."

Alitazama chini.

"Mimi nilisoma mpaka darasa la saba bila viatu. Kanisa lote lilijua. Hakuna aliyeuliza ni viatu gani. Na mimi nilijua zaidi ya wote, na nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kuolewa. Akafa wakimwita mwizi aliyetubu. Sasa nimekuja kutubu. Kule Chebirir nitatubu pia, lakini nilitaka kuanzia hapa, mahali ambapo kengele ilikuwa."

Mchungaji Mitei alikifunika kitabu cha ibada. Yule wa nyuma aliyekuwa anasema habari ya nusu eka aliketi, na walioitikia nao wakaketi. Zack alikuwa ameziba uso kwa mikono yote miwili. Mama mmoja alianzisha wimbo, akaimba mstari mmoja peke yake, akaacha.

Ndipo arap Mibei akainuka tena. Alitembea mpaka kwa Nyanchoka, akampa mkono, akasema jina la Sagini, hilo tu, Sagini, kama mtu anayemwamkua mwenye jina. Halafu akaenda mezani. Akachukua ile barua, akaikunja kwenye mikunjo yake ya zamani, akamletea Seth.

"Rudi nayo nyumbani," alisema. "Lakini usinisalimu bado. Nitakuita mimi."

Seth aliipokea kwa mikono miwili. Alitaka kusema asante, akaona neno hilo halifai, akainama tu mpaka mzee akapita.